Mtoto Ameacha Ziwa

Katika nyumba yetu kule Baraka, kando ya ziwa, aliyeanza kusali hakuwa baba wala mama yangu. Alikuwa mama mdogo. Alikuwa mjane wa mdogo wake baba. Mume wake alipozama ziwani, baba alimrithi kama desturi yetu Wabembe ilivyotaka, akamjengea nyumba ng'ambo ya ua. Wakapata mtoto mmoja, wa kiume.

Imani yake niliijua shambani kabla ya kuijua kanisani. Miaka ile ya hamsini kila nyumba ililazimishwa kulima pamba. Moniteri, msimamizi wa kilimo wa serikali, alipokaribia kukagua, wanawake walisogeza vijiti vya mpaka ili kipande kilicholimwa kionekane kikubwa. Mama mdogo hakusogeza vyake. Baba akafungwa kwa sababu kipande chake kilionekana kidogo, na aliporudi alimwuliza mbele yetu, "Mungu wako naye anakula pamba?" Akajibu, "Hapana, baba. Lakini anaona vijiti." Baba alimpiga kofi. Mwaka uliofuata, bila kumweleza mtu sababu, baba mwenyewe aliingia katika mafundisho ya ubatizo, na mama yangu akamfuata.

Sheria ya kanisa tuliijua sote: mwenye wake wawili habatizwi. Abaki na wa kwanza, wa pili arudi kwao, na watoto wabaki katika ukoo wa baba yao. Aliyesamehewa ni mtoto wa ziwa tu. Huyo alikwenda na mama yake mpaka aache kunyonya. Kwa hiyo wanawake wa namna hiyo hawakuachisha. Nilimwona mtoto mmoja wa kijiji cha Nundu akiacha mpira wenzake wakimngoja, anakimbia kunyonya, kisha anarudi kucheza. Wazee wa kanisa walimwona pia. Waliangalia pembeni.

Mama mdogo aliachisha. Juma la mwisho la mafundisho lilifanyika kwenye misheni, na wanafunzi wa ubatizo hawakuruhusiwa kuja na watoto. Alijipaka maji ya majani machungu kwenye matiti, mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akazoea uji. Mama mdogo alifurahi. "Sasa niko tayari," aliniambia. Alikuwa akifikiria ubatizo wake tu. Shauri la baba na wake zake wawili lilikuwa bado halijaitwa.

Liliitwa Jumapili moja baada ya ibada. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbele, mama mdogo kati ya mama yangu na mimi, mtoto mapajani mwangu. Mzee wa kanisa hakuwa mtu mbaya. Alitaka jambo liishe upesi, na aliliuliza swali kwa namna ya kumsaidia mama mdogo.

"Mutoto iko ananyonya bado, siyo?"

Mama yangu alimfinya paja. Nilimsikia akinong'ona, "Sema ndiyo. Sema tu."

"Hapana, baba," mama mdogo alisema. "Ameacha."

"Fikiri muzuri, mama."

"Ameacha, baba."

Mama yangu alisimama. "Anachanganyikiwa! Ananyonya kila usiku, mi nasikia!"

Mzee akamgeukia baba, maana sasa kulikuwa na maneno mawili. Baba alikuwa ameshika kofia yake magotini.

"Ameacha," alisema. "Nilisikia vilio vyake."

Basi ikaamuliwa mtoto abaki kwetu, na mama yake arudi kwao baada ya ubatizo.

Nje wanawake walimzunguka mama mdogo. "We mujinga! Neno moja tu!" Mwingine akasema, "Bakristo batakatifu kama hawa, Mungu abaweke mbali na batoto bangu." Wakacheka. Jirani yetu Mwislamu, aliyekuwa anaanika ndakala, dagaa wa ziwani, akamwita kutoka kwake: "Dada, kuya huku kwetu. Mungekaa bote." Mama mdogo alijibu kila mmoja jambo lile lile: "Niliulizwa."

Walibatizwa siku moja ziwani: baba, mama yangu, kisha yeye. Mimi nilisimama mchangani na mtoto. Mama mdogo alipotoka majini, nguo zimemganda, alikuja moja kwa moja na mikono mbele, na mtoto akajirusha kwake. Mzee wa kanisa aliingia kati yetu.

"Mama, usianze ya zamani. Leo we ni mupya."

Mtoto alimpigia mama yake kelele juu ya bega la mzee. Kaka zake mama mdogo walikuwa wamemfuata kutoka Kilembwe, kwao. Waliondoka naye kabla nguo hazijakauka. Baba alikwenda nyumbani, akala vizuri.

Mama mdogo alirudi Krismasi ya pili baada ya hapo, kwa miguu, kushiriki Meza ya Bwana. Kwanza wazee walimwahidisha kwamba hatasema lolote la kuvuruga nyumba ya mwenzake. Akaahidi. Kisha akaja kutusalimu. Mtoto, ambaye sasa alimwita mama yangu mama, alimletea maji kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kufanya kwa wageni.

"We ni nani?" akauliza.

Mama mdogo alimwangalia mama yangu. Mama yangu alikuwa anapuliza moto uliokuwa tayari unawaka.

"Mi natoka Kilembwe."

"Ni mbali?"

"Ni mbali."

Mtoto alingoja kikombe chake, akakipokea, akaenda kucheza.