Kilio cha Mzee Sikuku

Jirani yangu Wesonga hutafuta riziki kwa kuwaliza watu. Yeye ndiye hutunga muziki wa filamu na tamthilia za runinga, ule unaoingia polepole mtu akianza kufa, na wewe uko kwako na sahani ya ugali mapajani unajikuta unatafuta leso. Amefika hapo kwa njia ndefu: kinanda cha kanisa kule Kawangware, video za harusi, tangazo la sabuni, hadi tamthilia ya kila Jumapili. Studio yake ni chumba kimoja hapa mtaani Kianda, Nairobi, magodoro yameegemezwa kwenye kuta za mabati, na mojawapo ya kuta hizo tunagawana. Mimi ni fundi wa nguo. Akitaka kurekodi hugonga ukuta nami nazima cherehani, hata kama mteja amesimama mlangoni na harusi ni kesho. Nimemtukana kwa hilo, na bado nitamtukana.

Lakini mtu huyu anayeliza wengine hakumlilia baba yake. Mzee Sikuku alifariki mwaka wa korona, Nairobi ilipokuwa imefungwa na askari wako barabarani wakirudisha watu. Wesonga, kifungua mimba, alikaa humu ndani huku baba akizikwa kwao Kimilili. Barabara zilipofunguliwa hakwenda. Alisema ana kazi. Mama yake humpigia simu kila Jumapili, na simu yake ina sauti kubwa, kwa ukuta wa bati nasikia yote: mahindi, ng'ombe, mafua ya wajukuu. Kaburi mama halitaji, na Wesonga haliulizi.

Ijumaa moja ya Aprili, nilisikia pia mwongozaji wa tamthilia, Muiruri, akimkatalia muziki wake kwenye simu.

"Buda, hii ni muziki ya hoteli. Kwa stori, huyu mama amezika kijana wake. Nataka kilio ya ukweli. Saa tisa ikifika na hakuna kitu, napea mtu mwingine hii kazi. Yote."

Yote maana yake ni tamthilia nzima, na tamthilia hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye video za harusi. Wesonga akamwita Senge Naliaka, anayekaanga samaki Kawangware. Senge kwa Wabukusu ni shangazi. Huyu ni dada ya marehemu mzee Sikuku, na sauti yake huitwa kila penye msiba.

Alipofika, Wesonga hakugonga ukuta. Alikuja mwenyewe.

"Mwongeli, nisaidie. Kitasa kimeharibika, upepo unaingia. Nishikie blanketi hapo mlangoni."

Nilitazama nje. Upande wa Ngong mawingu yalikuwa meusi, na paa letu likipigwa na mvua hakuna kurekodi, hata kuongea ni kwa kupiga kelele. Niliacha gauni la watu nikaenda.

"Senge, hapa," Wesonga alisema, akisogeza maikrofoni. "Lia tu vile huwa unalia."

"Namlilia nani?"

"Kijana wa filamu. Anaitwa Brayo."

"Brayo wa nani? Ukoo gani? Mamake alitoka wapi?"

"Hana ukoo, Senge. Ni wa kuigiza."

"Basi hajakufa. Sitamlilia."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kwa Senge, kilio huanza na jina la maiti na jina la watu wake, na kumlilia asiyekuwepo ni kukiita kifo nyumbani. Wesonga alimbembeleza kwa Kiswahili, akambembeleza kwa Kibukusu, jasho likimtoka. Matone machache yaligonga bati, yakaacha. Nilitamani kumtikisa Senge, na nilitamani kumtikisa Wesonga zaidi: mtu amekulia kwenye desturi hizo, halafu anamletea shangazi yake maiti asiye na ukoo. Simu ikawaka. Ni Muiruri. Hakuishika.

Senge alivua viatu akavisukuma kando.

"Washa hiyo mashine yako," alisema. "Kuna mtu naweza kumlilia."

Mimi ni Mkamba, maneno yake sikuyaelewa. Lakini neno la kwanza lilikuwa Sikuku. Wesonga alikuwa ameshavaa hedifoni, na niliona uso wake ukibadilika. Hangeweza kumkatiza, muda ulikuwa unaisha na sauti ilikuwa ile yenyewe. Hangeweza kutoka pia. Alibaki ameinama juu ya mashine, kilio cha baba yake kikimwingia masikio yote mawili. Nikasikia "Nairobi". Nikasikia "Wesonga". Aliuma mkono wa shati. Nilikaza blanketi nikaomba: Mungu, izuie mvua, na umzuie huyu.

Mvua ilizuiwa kidogo. Huyu hakuzuiwa. Senge alipolirudia jina la kaka yake kwa nguvu, sauti ilimtoka Wesonga, si kubwa, kama ya mtu aliyepigwa ngumi tumboni. Senge akamaliza. Kisha mvua ikamwagika.

"Nimeharibu," Wesonga alisema kwa sauti ya juu. "Turudie, Senge, mvua ikiisha."

"Hii si kwaya. Nimemwambia ndugu yangu asikungoje tena, barabara ilikuwa imefungwa. Amesikia. Simwambii mara ya pili."

Ikabaki kukata kwa kompyuta. Wesonga alinionyesha kwenye kioo: kilio chake kilikuwa kimekaa juu ya jina la baba yake pale pale. Akikitoa, jina linatoka nacho. Alijaribu kupunguza hapa, kusafisha pale, na kila mara jina lilisikika limevunjika. Saa tisa ilikuwa karibu. Alipeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta vyote viwili, na hapo nilikasirika.

"Ukifuta hiyo, usiwahi kunigongea ukuta tena."

Aliituma ilivyo. Muiruri alipiga simu mvua ikianza kupungua.

"Nani huyo analia karibu na maiki?"

"Ni mimi."

"Ni ya skripti?"

"Hapana. Ni ya babangu."

Nilisikia Muiruri akiicheza tena kutoka mwanzo.

"Sawa," alisema. "Inabaki."

Jumapili mimi na Senge tulitazama kwa Wesonga. Mama yake Brayo alifika kaburini kwenye runinga, sauti ya Senge ikalia, na chini ya kilio hicho akasikika Wesonga. Sehemu ilikuwa haijaisha simu ilipolia. Mama yake, kutoka Kimilili. Wesonga aliitazama kama mtu anayengoja kugombezwa, kisha akaweka spika. Nadhani aliogopa kuisikiliza peke yake.

"Nimekusikia," mama alisema.

Senge aliinua mkono nisikohoe.

"Mama," Wesonga alisema, "mlimlaza baba upande gani wa nyumba?"

"Njoo nikuonyeshe."