Karani Anayesoma Mara Mbili

Karani wa bodi ya raia inayowachunguza polisi wa mji wetu ana sauti ya kukwaruza na rula ya mbao iliyomegeka ncha. Ukimaliza kueleza, huiweka rula chini ya kila mstari, akakusomea mara mbili, kisha huuliza, "Haya ni maneno yako, dada, au ni yangu?" Mimi sijui kusoma. Kituoni nilitia dole gumba kwenye karatasi yao, kumbe wameandika kwamba mwanangu alianguka ngazini, ilhali walimpiga wao mpaka wakamvunja mkono. Jana mkuu wa kituo hicho aliingia ofisini kwa karani nikiwa bado naeleza.

"Karani, andika alianguka, tusipotezeane muda."

Karani hakuinua hata macho. "Afande, kituo chako hakina ghorofa. Hizo ngazi mlizijenga lini?"

Benchi zima la waliokuwa wakingoja zamu likaangua kicheko. Karani akashusha rula, akasoma, "Walimpiga." Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, afande akiwa amesimama palepale, kisha akaniuliza lile swali lake.

"Ni yangu," nikasema, nikalikandamiza dole. Wino haujatoka mpaka leo, wala sina haraka ya kuuosha.