Mpiga pasi anayeanzia pembeni

Saa saba mchana, chumba cha nyuma cha dobi kimejaa mvuke. Mpiga pasi anatundika shati, anafuta jasho kwa kiwiko, kisha anavuta ubao wa sataranji kutoka chini ya meza. Fundi wa mashine za kufulia, ambaye ndiye mwalimu wake, ameshakalia ndoo aliyoipindua.

Mama huyu hafukuzii kombe. Anamtafuta baba yake.

Alipoacha masomo ya uuguzi akaolewa, baba, mchomelea vyuma ambaye sasa amestaafu, alimnunia. Miaka ikapita kwa salamu za juu juu. Mama yake alipofariki, akaanza kwenda kwa mzee kila Jumapili kumpikia. Siku moja mzee akapanga kete mezani, akamwashiria akae.

"Tukicheza ndipo baba anaponisemesha," anasimulia. "Tatizo ananifunga haraka, halafu anarudi kwenye kimya chake."

Fundi alimwambia ana pupa. Kila mchezo alianza kwa kusukuma askari wa katikati, njia ambayo mzee anaijua nje ndani. Akamfundisha kuanza na askari aliye mbele ya askofu, upande wa malkia, kisha kutoa farasi, na kutojifunga katikati mpaka aone mwenzake anakusudia nini.

Haikuwa rahisi. "Mkono wenyewe ulikuwa unawasha kwenda katikati," anasema akicheka. Aliwahi kuunguza kola ya mteja akiwaza farasi, na mwenye duka akamkaripia mbele ya watu.

Jumapili iliyopita aliujaribu mwanzo huo kwa baba. Mzee alinyoosha mkono, akaurudisha. Akavua miwani, akaifuta, akauinamia ubao.

"Nani kakufundisha hii?"

Akamweleza habari za fundi. Kutoka hapo maongezi yakahamia kazini, kisha kwa wajukuu ambao mzee hakuwahi kuwaulizia. Mchezo alifungwa kama kawaida, ila safari hii jua lilikuwa limeshazama.

Mlangoni mzee akamshika bega. "Mwanangu, Jumapili njoo nao hao watoto."

Mume hakutajwa. Mpiga pasi analijua hilo, na halimvunji moyo.

"Nitaanza na watoto," anasema, akilitandaza shati jingine. "Baba yao atafuata, nikishaona mzee amekaaje. Sina haraka."