Tegu Kichwani mwa Shangazi

Shangazi yangu wa Vihingo ndiye mpishi wa pilau ya shughuli zote kijijini kwao. Maulidi, arusi, hitima, mwiko anashika yeye. Aliposhikwa na kifafa ukubwani, ugonjwa ambao hakuwahi kuwa nao, nilimchukua nikamleta kwangu Kongowe ili atibiwe Kibaha.

Picha ya kichwa ilionyesha kifuko, ukubwa wa punje ya hindi. Daktari, kijana wa rika langu, akasema huyo ni mtoto wa tegu wa nguruwe.

"Mwanangu," Shangazi akamwambia taratibu, "mimi hata mtaa wenye kitimoto nauzunguka."

"Hujala nguruwe, mama. Kala mtu mwingine, tegu akakaa tumboni mwake. Mayai yanatoka na choo chake. Hakunawa, au mboga zilimwagiliwa maji machafu, wewe ukaja kula kachumbari."

"Kwa hiyo nimekula mavi?"

"Mayai tu, mama."

"Sijui hata lipi lenye nafuu."

Niliuma pindo la kanga nisicheke.

Daktari akaeleza kwamba kifuko kikiwa hai kinajifunika, kinga ya mwili haikigundui. Dawa ikikiua, ule ujanja unakwisha, mwili unakiona, unakivamia, na pale penye vita panavimba. Ndiyo maana angempa pia dawa ya kupunguza uvimbe na ya kuzuia kifafa. Mimi nilikuwa nimeshazama mawazoni, namwona mpangaji wa chumba cha uani anayepika bila kutoa moshi, mwenye nyumba hana habari.

Alilazwa. Dawa ya tegu ilipoletwa, akaifumbata kiganjani.

"Nikimeza hii nimekiri nina mdudu wa nguruwe. Nani atakula pilau yangu tena?"

"Na ukiangukia sufuria ya shughuli, Shangazi, nani ataila?"

Akanitazama vibaya, akameza.

Siku chache baadaye alianguka tena, palepale wodini. Alipozinduka alikuwa na hasira. "Umeona? Dawa yenu inanimaliza."

Nikamkumbusha maneno ya daktari: tegu anakufa, mwili ndio kwanza umemwona.

"Ndio kwanza?" Akajipiga paja. "Miaka yote hii ulikuwa wapi? Mwili gani mzembe hivi!"

Nilimfuta jasho. Daktari akaja, akaongeza dawa ya uvimbe, na Shangazi hakugoma tena. Nadhani alitaka kumsaidia yule mzembe amalize kazi.

Maulidi iliyofuata, Vihingo, alikuwa bado amekatazwa kukaribia moto. Aliwekewa kiti mbali na mafiga, mwiko nikashika mimi, yeye akawa anatoa amri: punguza kuni, funika, usikoroge kama uji. Wanawake waliokuwa wakikata vitunguu walimwangalia kwa pembe za macho. Mmoja akajikaza.

"Wifi, eti kule hospitali walikuta nini?"

Nilishusha macho kwenye sufuria.

"Tegu wa nguruwe," Shangazi akajibu, kwa sauti ya kuitia watu chakula. "Na sikumla nguruwe. Nimempata kwenye kachumbari. Labda ya mmoja wenu humu."

Visu vikasimama. Kisha mmoja akainuka kwenda kunawa, na wenzake wakamfuata.

Sinia zilipopelekwa barazani nilikaa karibu nione zitarudi vipi. Zilirudi tupu, hata ukoko waliuulizia. Kachumbari ilibaki yote.