Wasiwasi Usio na Mwenyewe

Kiingereza kidogo ninachokijua nimekipata kwa mdogo wangu wa kike anayesoma darasa la nane, jioni, mimi nikisonga bukari, yaani ugali, yeye akifanya kazi aliyopewa na mwalimu. Mimi shule niliiacha mama alipokufa, mwaka wetu wa kwanza hapa Mantapala, kambi tuliyokimbilia. Baba alikuwa amekufa kabla, kule ng'ambo ya mpaka, kwetu upande wa Pweto. Tukabaki wasichana watatu: mimi, huyo msomaji, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka saba.

Jioni moja mwalimu alikuwa amewafundisha namna ya kuunganisha sentensi. Unachukua neno la kitu kisichoshikika kwa mkono: ukweli, tatizo, sababu, tumaini. Unaliweka mbele peke yake, kama mtu anayejulikana. Unatia "is that". Halafu unaeleza. "The fact is that." "The problem is that." Mwalimu aliwaambia kwamba ndivyo wanavyosema watu wa ofisini, na kwamba atakayezoea sentensi hizo atapata kazi.

"Yaya, nipe tatizo," mdogo wangu akasema. Dada mkubwa kwetu ni yaya.

"Tatizo ya nini?"

"Yoyote, niandike."

"Tatizo ni kusema chisense ikinyeshewa inaoza."

"Aa, yaya! Weye kila kitu chisense. Utaolewa na chisense!"

Chisense ni vile visamaki vidogo vya ziwa, vinavyoanikwa juani mpaka vinameta. Navinunua Nchelenge, kwa akina mama wanaovipokea kutoka kwa mitumbwi ya Kilwa, ile Kilwa ya huku ziwani, na kuja kuviuza huku kambini. Ndivyo tunavyokula. Nilicheka naye, lakini sentensi zile nilizitambua, na kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimezisikia kabla, kwa sauti nyingine.

Mama alipozidiwa tulikuwa njiani. Tulimfikisha kwenye kituo kimoja cha matibabu, na mwanamume aliyekaa mlangoni akatuambia kwa Kiingereza, taratibu kabisa, maneno ambayo mtu alitutafsiria hivi: changamoto ni kwamba gari la kumpeleka hospitali halina mafuta. Nikamuuliza nani amemaliza mafuta, na nani ataleta mengine. Alirudia: changamoto ni kwamba. Mama alilala pale mpaka asubuhi. Tulipofika kambini hakukaa sana. Sijui kama gari lingemwokoa. Ninachojua ni kuwa sikumpata mtu wa kumkasirikia, na hasira isiyo na mtu haitoki mwilini. Ninayo mpaka leo.

Kifaransa nilichosomea kina sentensi kama hizo, na hata Kiswahili cha redioni. Nazitaja za Kiingereza kwa sababu ndizo zilizokuja mlangoni kwangu.

Zilikuja na madamu mmoja wa ofisi inayoshughulika na watoto, pamoja na mkalimani wake, Mkongomani mwenzetu, ambaye sote tunamwita tonton, yaani mjomba. Niliwatolea viti. Madamu alizungumza sana, akimtazama mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa akicheza na vifuniko vya chupa. Nilishika mwanzo tu: "The concern is that."

Tonton akatafsiri. "Yaya, kuko wasiwasi kusema mutoto anabakia yeye moya siku ya soko. Mawazo iko kusema angeenda kukaa kwa famille ingine, kule bloc ya mbali. Kuko mama na baba."

"Wasiwasi ya nani?"

"Wasiwasi iko tu, yaya."

"Iko tu namna gani? Ilikuja na miguu yake?"

Tonton alijikuna shingo. Sasa, kwetu kuna desturi. Anayeleta neno juu ya mtoto wa marehemu hapewi hata maji kabla hajasema neno limetoka kinywani mwa nani. Baba alipokufa, mtu alikuja kusema kwamba tugawanywe kwa wajomba. Bibi yangu alisimama na kikombe mkononi, hakumpa, mpaka yule mtu akataja aliyemtuma. Ndipo mama akajibu, akimjibu aliyetajwa, na tukabaki pamoja. Kwa hiyo nilikwenda kuteka maji, nikarudi, nikasimama na kikombe mbele ya madamu.

"Mwambie nangoja mwenye neno," nikamwambia tonton. "Akitajwa, atakunywa na nitajibu."

Madamu alinyoosha mkono kupokea maji. Nikakivuta kikombe nyuma.

Hilo lilikuwa kosa langu, kudhani ofisi ni ukoo. Madamu hakuona desturi yoyote. Aliona msichana mwenye hasira anayemnyima mgeni maji. Akasema kitu kifupi, na tonton, akitazama chini, akanitafsiria kwamba sasa kuna wasiwasi mwingine, juu ya hali ya nyumbani. Nao huo ulikuwa umetokea wenyewe, mbele ya macho yangu, na mwenyewe amekaa kwenye kiti changu! Walipoondoka walisema watarudi baada ya juma moja na uamuzi.

Nilimwaga yale maji. Mdogo wangu msomaji, aliyekuwa ndani akisikiliza, alitoka.

"Yaya, ungesema vizuri. Ungesema *the fact is that*…"

"Sisemi kama wao!" Nilimfokea mpaka akarudi ndani. Juma lile sikwenda Nchelenge. Tulikula ugali na majani ya muhogo, na kila gari lililopita nililifuata kwa macho mpaka lipotee, mkono wangu juu ya kichwa cha mtoto.

Tonton ndiye aliyeona haya. Sijui alisema nini na wapi, lakini kabla juma halijaisha jirani yangu alisimama kwenye ua. Ni mjane, mama wa kwaya, mwenye sauti inayosikika vitalu vitatu. Hakukaa.

"Ni miye," akasema.

"Weye nini?"

"Njo miye nilisema kwa bureau. Siku ile ya mvua mutoto wako alilia mpaka mangaribi. Dada yake iko masomo, weye uko soko. Nilimukuta chini ya meza, analowana. Nilisema, na nitasema tena!"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kuwa nyumba zetu zimetenganishwa na kamba ya nguo, na yeye amezunguka kambi nzima kwenda kunishtaki kwa wazungu.

"Ningekuambia weye? Mutu anakuambia kitu, weye unawaka kama petroli!"

"Ungeniambia niwake!"

"Haya, njo nakuambia. Waka!"

Nikawaka. Watu walitoka milangoni, wengine wakicheka, mmoja akatuuliza kama tunafanya mazoezi ya kwaya. Tulipochoka tulikuwa tumekaa chini, sote wawili, migongo kwenye ukuta mmoja. Nilimkubalia kuwa mvua ile ilikuwa mbaya. Akasema siku za soko mtoto akae kwake mchana, ale huko, arudi kulala kwetu. Nikasema sawa, lakini asimfundishe nyimbo za saa kumi na moja asubuhi. Jambo lililokuwa likitaka kuvunja nyumba yangu lilimalizwa na wanawake wawili waliotukanana uso kwa uso.

Madamu aliporudi, jirani alikuwa hapo, akaeleza mpango wetu kwa sauti yake ile. Madamu alisikiliza, akatabasamu kwa upole, na naamini hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema, nami sikuhitaji mkalimani kwa mwanzo wake: "The decision is that."

"Uamuzi ni kusema mutoto anabakia hapa," tonton akatafsiri, akifurahi kweli. "Kwa sasa."

Mtoto anabaki. Lakini lile "kwa sasa" halikunitosha. Nilimwomba tonton aulize ni nani aliyeamua, ili siku "sasa" ikiisha nijue niende kwa nani. Madamu akajibu kwamba ni uamuzi wa timu.

"Sema hata aksanti, yaya," tonton akaninong'oneza.

"Nimushukuru nani?"

Nikamgeukia yule jirani aliyenishtaki, ambaye bado sijamsamehe yote, nikamshika mkono kwa mikono miwili mbele yao, nikamwambia asante, mama. Akasema nisimvunje vidole.