Faili Zote Zilianza na Ciza

Mtu anayetunga uongo hujipa sehemu nzuri. Katika kisa hiki mwenye aibu ni mimi, kwa hiyo niamini. Haya yalinipata Kasulu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mchana kweupe, kwenye ofisi iliyokuwa ikiwatafutia wakimbizi watoto wao waliopotea njiani.

Mimi ndiye niliyeigusa kompyuta ya ofisi ile kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilisomea Dar es Salaam na cheti ninacho. Dafroza, mpiga chapa wetu, alikuwa akiniita mwalimu, nami nililipenda jina hilo kuliko chakula. Kisha akaja Ezekieli kutoka Busunzu, kule Kibondo. Hana cheti, amejifunza mwenyewe kwa kuchokonoa mashine mbovu za misheni. Ndani ya miezi michache akatunga programu yake ya kuandika watoto: jina, umri, kilima alikotoka, nani aliyembeba. Ukimwandika mama anayetafuta, programu inakutolea watoto wanaoelekeana naye. Siku mama wa kwanza alipompata mwanawe, ofisi nzima ilimshangilia Ezekieli. Dafroza akanigeukia, "Mwalimu, mwanafunzi kakupita!"

Nikacheka nao. Umewahi kucheka huku wivu unakuunguza?

Ijumaa moja asubuhi, Ezekieli akiwa kambini Nyarugusu, nilifuta folda yake yote. Disketi yake ya akiba nikaivunja. Nilijua kwamba Jumatatu gari lingekwenda kambini na orodha ya watoto waliopatikana, na kwamba bila faili zile hakuna orodha, na akina mama wangerudi mikono mitupu. Nilijua, na bado nikafuta. Kisha nikaketi kwenye kompyuta ileile nikamwandikia bosi barua: Ndugu Ezekieli ni mzembe, hana cheti, amepoteza kazi ya ofisi.

Saa saba wenzangu walikwenda kula. Mvua ikashuka, ile ya kwetu milimani, inayopiga bati mpaka hujisikii mwenyewe. Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya meza. Amefunga ubeleko mgongoni, lakini ndani ya ubeleko hakuna mtoto. Na kitenge chake kilikuwa kikavu.

"Mwiriwe, mwana wanje," akanisalimu kwa Kirundi, yaani habari za mchana, mwanangu. Kiha chetu kiko jirani, nikamwitikia.

"Nimemfuata Ciza," akasema. "Kazi yake imo humo." Akaonyesha kompyuta kwa kidevu.

"Humu hamna kitu, mama. Mashine imeharibika."

"Haijaharibika. Wewe umewafunika watoto."

Nani alimwambia? Sikuwa nimemwambia mtu. Mikono ikaenda yenyewe kwenye droo, kwenye disketi ya programu ya kurudisha faili zilizofutwa.

Hapa ngoja nikueleze, wala usiogope, ni jambo jepesi. Ukifuta faili, kompyuta haiharibu kilichomo. Inaondoa tu maelezo ya mahali ilipo, halafu inasema nafasi hii iko wazi. Maandishi yenyewe yanabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu ya kurudisha hupita kwenye diski yote ikitafuta mwanzo inaoujua, kwa sababu kila aina ya faili ina herufi zake za kuanzia: picha ina zake, barua ina zake. Mwanzo huo ndio saini ya faili. Lakini faili za Ezekieli zilikuwa za aina aliyoitunga mwenyewe, kwa hiyo programu haikuijua saini yake. Ilizunguka diski nzima ikarudi bila hata moja.

"Hawapo, mama," nikasema. Na nisikufiche, moyoni nilifurahi kidogo.

"Watazame waliobaki," akasema. "Wanaanzaje?"

Waliobaki? Nikakumbuka disketi ya zamani ambayo Ezekieli alifanyia majaribio. Ilikuwa na faili tatu. Nikazifungua kwa programu inayoonyesha kila baiti, yaani kila nafasi ya herufi moja, kama namba. Zote tatu zilianza na 43, 49, 5A, 41. Namba hizo ukizisoma kwa herufi ni C, I, Z, A.

Kwetu jina hilo halichaguliwi. Mapacha ni Bukuru na Butoyi, na anayezaliwa baada yao ni Ciza. Wengine huliandika Chiza. Ukilisikia tu, unajua mama yake alianza na mapacha. Lakini ofisini hatukuwa na Ciza.

Nikaiandikia programu saini mpya. Nilitaka iwe ya uhakika, basi nikaweka baiti kumi na mbili za mwanzo, maana faili zote tatu zilifanana mpaka hapo. Haikupata kitu. Mwanamke akainama karibu na kioo.

"Umemwandika na siku aliyozaliwa," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Weee! Ciza ni Ciza, azaliwe Jumanne, azaliwe Ijumaa."

Kumbe! Baiti nane zilizofuata zilikuwa tarehe. Zilifanana kwa sababu faili zile tatu zilitengenezwa siku moja. Kosa hilo wengi hulifanya, usijilaumu likikupata: saini ichukue kile kisichobadilika tu, na mifano yako itoke siku tofauti. Nikazifuta zile nane, nikabakiza nne.

Zikaanza kuja. Moja, nyingine, nyingine, bila majina yake ya awali, zimepewa namba tu, lakini watoto wamo ndani. Nikazihifadhi kwenye disketi mpya. Ya mwisho ilipoingia, niligeuka nimwambie. Hakuwepo.

Nilitoka mbio mpaka getini. "Mzee, yule mama kaenda wapi?"

"Mama gani?" mlinzi akashangaa. "Hakuna aliyepita hapa. Na wewe unafanya nini humo gizani? Jenereta nimelizima tangu wenzako walipokwenda kula."

Mvua ilikuwa imekatika; nikatega sikio. Kweli, lilikuwa kimya. Utaniambia kompyuta ilikuwa na betri. Ofisi yetu haikuwa nayo. Nilirudi ndani, kioo cheusi, disketi mkononi.

Jioni, jenereta likiwaka tena, Ezekieli alirudi. Nikampa disketi, nikamwambia kulitokea hitilafu, nimeokoa kazi yake. Akanishukuru mpaka nikaona haya, akafungua faili moja moja. Kwenye ya nne akaweka kidole juu ya kioo. Katikati ya orodha ya watoto, baada ya jina la msichana wa miaka mitano, palisomeka: Ndugu Ezekieli ni mzembe, hana cheti.

Barua yangu ilikuwa imeandikwa juu ya watoto. Waliokuwa mahali hapo hawakurudi.

Nilimweleza yote. Hakupiga kelele. "Basi kesho tunakwenda Nyarugusu, tunawauliza upya, kibanda kwa kibanda," akasema. Tulifanya hivyo Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu orodha ilikuwa kamili. Lakini usiku wa Ijumaa ile, kabla hatujaachana, nilimweleza pia habari za yule mama.

Akashika meza. "Aliniita nani?"

"Ciza."

Mama yake alifia njiani, wakivuka mpaka kutoka Burundi kuja Munanila, yeye akiwa mtoto mchanga mgongoni. Shangazi aliyemlea Busunzu alimbatiza Ezekieli, na jina la kwanza, Ciza, yeye mwenyewe akabaki nalo moyoni, na kwenye faili zake.

"Sauti yake ikoje?" akaniuliza. "Alicheka? Alicheka vipi?" Nikajaribu kumwigizia. Akanisikiliza, halafu akanitazama, na mtazamo ule niliutambua mara moja kwa kuwa ulikuwa wangu. "Miaka yote namwomba Mungu nimwote tu," akasema. "Akaja kwako?"

Alihamia Kibondo mwaka huohuo. Salamu zangu hazijibu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukifuta kitu cha mwenzako kwa wivu au kwa bahati mbaya, usiandike chochote tena kwenye diski hiyo. Inuka, umwite mwenyewe palepale, mkitafute pamoja. Mimi nilitafuta peke yangu. Kumfutia kazi, Ezekieli alinisamehe jioni ileile. Kumwona mama yake, mpaka leo hajanisamehe.