Pua ya Kuazima

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, kila mtu anamwita Bomba. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kuzibua mifereji ya maji machafu, kuingia kwenye mashimo ya yale mambo ambayo sisi wengine tunavuta maji na kusahau. Alipostaafu akaja kukaa kwetu, chumba cha nyuma, yeye na mabuti yake. Mabuti niliyatupa siku hiyohiyo. Kilichonishinda ni pua. Huyu mtu hana pua. Ile aliyonayo ni ya kushikilia miwani tu, kazi ilishaiua. Unaweza kuunguza sufuria mpaka majirani watoke nje, yeye anafungua ukurasa wa pili wa gazeti.

Basi mtu kama huyo, mkewe alishafariki, watoto wako mbali, hana la kufanya, akajiunga na klabu ya wakereza mbao.

Wanakutana Jumamosi kwenye stoo nyuma ya gereji. Wana mashine moja nzuri: unabana kipande cha mti, unawasha, mti unazunguka, unaugusa na patasi ndefu, maranda yanaruka, na mwisho unabaki na bakuli. Mwenyekiti wao ni kinyozi, mwanamume wa manukato mpaka masikioni. Mara ya kwanza nilipopeleka chakula cha Bomba nilikuta chai yao imeota ngozi ya vumbi na wanaipuliza pembeni wanakunywa. Mmoja akapenga kamasi kwa konzi ya maranda, akajipangusa kwenye suruali, akarudi kulainisha bakuli la watu kwa msasa. Nikaacha chakula mlangoni.

Na mashine yenyewe Bomba hakuwa anaiwasha. Alikuwa anafagia. Mgeni hufagia mpaka alete gogo lake mwenyewe lililovundikwa vizuri, ndipo anapewa zamu.

Ndiyo, hao watu wanavundika mbao. Mimi najua kuvundika ndizi. Wao wanachukua gogo bichi, wanalitia kwenye gunia la plastiki pamoja na udongo, majani yaliyooza, uji uliochacha na hamira, wanafunga, wanaliacha kivulini liote ukungu. Ukungu unaingia ndani ya mti na kuchora mistari myeusi, myembamba, kama mtu kapitisha kalamu. Mistari hiyo ndiyo wanayoililia. Likitoka mapema, halina kitu. Likichelewa, mti unakuwa kama mkate uliolowa. Na ukifungua fungua kuchungulia, ukungu unakauka. Kwa hiyo wanainama kwenye fundo la gunia, wananusa. Harufu inawaambia.

Sasa niambie, asiye na pua ananusaje?

Gogo lake la kwanza aliliweka nyuma ya jiko langu nikiwa nimesafiri kwenda kumwangalia dada yangu aliyejifungua. Nyumbani alibaki na mume wangu, ambaye hana neno. Hata paa likiwaka moto atasema leo kuna joto kidogo. Bomba akasubiri, akakisia, akalipeleka. Mwenyekiti mwenyewe akalibana kwenye mashine. Lilipozunguka, likafumuka. Uozo ukampata kinyozi usoni, mdomoni, kwenye shati jeupe. Wakacheka mpaka wakakaa chini, isipokuwa yeye.

“Bomba,” akamwambia, akitema, “nakupa gogo moja tu tena. Nalo likiwa hivi, utabaki na fagio lako mpaka tukuzike nalo.”

Nilikuwa nimesharudi safari siku hiyo; alirudi nyumbani hakula. Alikaa kitandani na viatu, mtu mzima yule, anaangalia viganja vyake. Nikamwonea huruma, na huruma ikaisha kesho yake nilipokuta gunia jipya palepale nyuma ya jiko langu.

Sitalificha hili: lilikuwa chukizo. Lilitoa maji ya kahawia yanayoteleza. Nzi wakahamia. Nilikuwa nakata vitunguu na kichefuchefu kinanipanda mpaka shingoni. Kila asubuhi nikifungua dirisha namsalimia kwa maneno.

“Shemeji, leo gunia lako linanuka soksi za askari!”

“Ahsante, shemeji.”

“Leo ni maziwa aliyotapika mtoto!”

“Mh. Ahsante.”

Ahsante! Nikadhani ananikebehi. Nikamwambia mume wangu, ama gunia ama mimi. Akasema, “Mbona halinuki sana.” Nikaona hapa nitajisaidia mwenyewe. Nikamtangazia Bomba mezani: Ijumaa gari la taka likipita, gunia linapanda.

“Shemeji, nipe wiki moja,” akasema. “Hilo gogo ndilo la mwisho.”

“Na tumbo langu ndilo la mwisho pia.”

Ijumaa nikajifunga kitambaa puani, nikalikokota hadi getini huku maji yake yananichora miguu. Gari la taka nalisikia mtaa wa pili. Bomba akanifuata na ndara moja mguuni, ananisihi. Kitambaa kikateleza, nikavuta pumzi nzima.

“Hata kunuka kwenyewe siku hizi halijui!” nikamfokea. “Lilikuwa choo, sasa limekuwa kabati la nguo za zamani! Uyoga! Linanuka uyoga na udongo uliopigwa mvua!”

Akasimama kama aliyepigwa na umeme.

“Umesema uyoga?”

“Nimesema uyoga, una nini?”

Alipiga magoti kwenye tope lile, akakata kamba kwa kisu, akalitoa gogo, akalikumbatia kifuani na fulana yake safi niliyoifua jana. Gari la taka likapita, yeye bado yuko chini, anacheka.

“Nilikuwa nasubiri hilo neno, shemeji. Soksi, bado. Maziwa, bado. Uyoga, klabuni wanasema, ndiyo tayari. Ungechelewa kulisema, lingeishia kuwa kama lile la kwanza.”

“Kwa hiyo matusi yangu yote ulikuwa unayatumia kunusa?”

“Ningenusa na nini? Mdomo wako ndio pua yangu.”

Jumamosi nikaenda naye. Nilitaka kuona nilichoteswa kwa ajili yake. Kinyozi alilibonyeza gogo kwa ukucha, mkono mwingine na leso puani. Ukucha haukuzama.

“Washa,” akamwambia Bomba, na yeye mwenyewe akasogea nyuma ya meza. Wote wakasogea.

Bomba alivaa barakoa, akaegemeza patasi. Maranda yakatoka marefu, mazima. Halikufumuka. Bakuli likaanza kuonekana, na ubavuni mwake mistari myeusi imezunguka kama njia za mchwa. Kinyozi akatoa leso.

“Umejuaje siku yake?”

Bomba akaninyooshea patasi. Vichwa vyote vikageuka.

“Mama,” akasema kinyozi, sauti imelainika ghafla, “tuna magunia mengine pale nyuma, kama usingejali kupitisha pua…”

“Pitisha ya kwako, ndiyo yenye manukato.”

Siku hizi Bomba ana zamu yake ya mashine kila Jumamosi, fagio wamempa mwingine. Bakuli, likishakauka na kupakwa nta, alinipa mimi. Ni zuri, sitasema uongo. Wageni wanalishikashika, nami nawaeleza lilikula nini kabla halijawa bakuli, wanaliachia haraka. Kula humo? Mimi? Naweka vibanio vya nguo.

Jana kaleta gunia jingine. Akaweka kiti chake chini ya dirisha la jiko, gazeti mkononi, anasubiri. Nikafunga mdomo kwa makusudi. Nikapika kimya, nikaosha vyombo kimya. Kisha upepo ukageuka, ukaniingia wote puani.

“Bomba! Linanuka mabuti yako!”

Akatabasamu, akafungua ukurasa wa pili.

“Bado,” akasema.